VITAMUTAMU VYA RANGI YA WARIDI NA MARADHI YA TITI

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, katika miji mikubwa ya dunia, na hata katika miji ya nchi yetu, huonekana watu wamevaa fulana na vitambaa vya rangi ya waridi, ambayo siku hizi wengi huiita pinki. Keki hupakwa rangi hiyo, na vinywaji hutiwa rangi hiyo. Ukiuliza sababu, utaambiwa ya kuwa ni mwezi wa kukumbushana habari za saratani ya matiti.

Sasa neno hili limefika hata kwetu Bisibo. Wapo wanafunzi wanaosema kwamba nasi tupike vitamutamu vya rangi ya waridi, tuviuze siku ya wazazi, na fedha zitakazopatikana zisaidie kazi hiyo. Wapo na wengine wanaosema kuwa huo ni mchezo wa watu wa mjini, na ya kuwa sukari ni afadhali itiwe katika uji wa asubuhi. Kwa kuwa gazeti letu ni la wanafunzi, walimu na wazazi pamoja, ningependa kutoa maoni yangu machache juu ya jambo hili.

Maoni yangu ni haya: tupike. Lakini kitamutamu kisitoke jikoni peke yake. Kitoke pamoja na neno la kumfaa mama atakayekila. Kikitoka bila neno, tutakuwa tumekula sukari tu, na rangi yake haitamponya mtu yeyote.

Yafaa kwanza tujue asili ya rangi hii, maana ndani yake mna fundisho kubwa. Mwezi wa Oktoba ulianza kuwekwa kwa ajili ya saratani ya matiti huko Marekani mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mama mmoja wa huko, jina lake Charlotte Haley, ambaye bibi yake, dada yake na binti yake waliugua maradhi hayo. Mama huyu alikaa nyumbani kwake akatengeneza tepe ndogo za kitambaa kwa mikono yake mwenyewe. Rangi ya tepe zake haikuwa ya waridi, bali ilikuwa rangi ya tunda la pichi. Pamoja na tepe hizo alitoa kadi, iliyoeleza ya kuwa katika fedha nyingi za serikali zilizotolewa kwa ajili ya saratani, sehemu iliyotumika katika kuyazuia maradhi ilikuwa asilimia 5 tu. Akawaomba watu wazivae tepe zile ili wawaamshe wabunge wao.

Mwaka 1992 gazeti moja la wanawake pamoja na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walitaka kuutumia utepe wake. Mama Haley alikataa, kwa kuwa aliona kazi yake itageuzwa kuwa biashara. Basi wao wakabadili rangi wakachagua ya waridi, na utepe huo wa waridi ndio ulioenea duniani. Tangu hapo rangi hiyo imebandikwa juu ya vitu vya kila namna. Mwaka 2010 kampuni ya KFC iliuza kuku wa kukaanga ndani ya ndoo za rangi ya waridi, ikatoa senti 50 za dola kwa kila ndoo. Watu wengi walilalamika, wakauliza kama vyakula vyenye mafuta mengi namna ile vilifaa kuuzwa kwa jina la afya. Chama kimoja cha huko Marekani, Breast Cancer Action, kilikuwa kimekwisha anza tangu mwaka 2002 kuwaonya watu wafikiri kwanza kabla ya kununua kitu kwa sababu tu kina rangi hiyo.

Fundisho ni nini? Mama Haley alitoa utepe pamoja na kadi. Walioufuata mfano wake walishika utepe, wakaiacha kadi. Nasi tukipika bila kufundisha, tutakuwa tumefuata njia hiyo hiyo.

Sasa tutazame maradhi yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa maradhi hayo. Hapa Tanzania saratani hii hushika nafasi ya pili kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Shirika hilo hilo laeleza tena kwamba katika nchi tajiri, zaidi ya wanawake 90 katika kila 100 huwa wangali hai miaka 5 baada ya kugunduliwa, lakini Afrika ya Kusini ni 40 tu.

Tofauti hiyo haitokani na maradhi kuwa makali zaidi upande wetu peke yake. Sababu moja kubwa ni kuchelewa. Tathmini iliyofanywa juu ya nchi yetu mwaka 2017 ilionyesha kuwa kiasi cha wagonjwa 8 katika kila 10 huonekana wakati maradhi yamekwisha kukua sana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya ufa ni uvimbe mdogo, nao mara nyingi hauumi hata kidogo. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mama hujisemea moyoni kuwa jambo lisilouma si ugonjwa, akaendelea na jembe lake, na siku maumivu yanapoanza, wakati mwingi umekwisha kupita.

Kwa nini mama hanyamazi akiwa na homa, lakini hunyamaza akiwa na uvimbe wa titi? Nadhani sababu ni nne, na kila moja yafaa ijibiwe.

Ya kwanza ni aibu. Titi ni sehemu ya siri, na mama huona haya kumwonyesha hata muuguzi, seuze daktari mwanamume. Wazazi wengine watasema pia ya kuwa haifai watoto wa shule kuzungumza habari za matiti mbele ya watu. Mimi nasema kwa heshima zote: titi ndilo lililotulisha sote, na hakuna utovu wa adabu katika kulitaja kwa ajili ya kuponya. Utovu wa adabu ni kulitaja kwa mzaha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho hakiwaachi watoto wake.

Sababu ya pili ni kudhani kwamba mtu amerogwa. Mama akidhani hivyo, huzunguka kwa waganga miezi mingi, akitoa kuku na mbuzi, na huku uvimbe unakua. Maradhi haya hutokea pale chembe za mwili zinapoanza kuzaana bila kipimo. Jirani hawezi kukutupia. Kadhalika mtu hawezi kuambukizwa kwa kula pamoja na mgonjwa, au kwa kumfulia nguo, au kwa kulala naye chumba kimoja. Karibu nusu ya wanawake wanaougua hawana sababu yoyote maalumu inayojulikana, ila kwamba ni wanawake na umri wao umesogea. Basi asitafutwe mchawi, wala asilaumiwe mgonjwa.

Sababu ya tatu ni hofu ya kukatwa titi. Hofu hii ina asili yake. Tangu miaka ya 1880 daktari wa Marekani, William Halsted, alikuwa akiondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua, na njia yake ilifuatwa na madaktari wengi kwa muda mrefu. Lakini mwaka 1985 uchunguzi uliofanywa na daktari Bernard Fisher na wenzake ulionyesha kuwa kwa wanawake wengi wenye uvimbe mdogo, kuondoa uvimbe peke yake na kutumia mionzi kulifaa sawasawa na kuondoa titi zima. Kwa hiyo mama anayekawia kwa sababu ya kuogopa kisu ndiye anayekizidishia kisu kazi. Anayekwenda mapema ana matumaini makubwa zaidi ya kukatwa kidogo.

Sababu ya nne ni njia na nauli. Sisi wa Bisibo, pamoja na jirani zetu wa pande zote za Biharamulo na Ngara, tuko mbali na hospitali kubwa. Zamani mgonjwa wa kanda hii aliyehitaji mionzi hakuwa na budi kusafiri mpaka Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Siku hizi Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara yake ya saratani na hutoa mionzi. Hata njia ya Mwanza imekuwa nyepesi. Hapo kale msafiri alingoja kivuko baina ya Busisi na Kigongo, lakini tangu mwezi wa Juni 2025 liko daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na gari hupita juu ya maji bila kungoja. Maji hayatuzuii tena. Iliyobaki ni nauli, na aibu ile niliyoitaja.

Hapo ndipo vitamutamu vyetu vinapoweza kufanya kazi. Kwanza viwaite watu. Katika mkutano wa ugonjwa wachache ndio hupenda kuja, lakini penye sahani na vikombe wengi hukaa. Hili si jambo la kudharau. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilipoanza mwaka 2005 kuwaita kina mama wapimwe matiti, maelfu walijitokeza. Kina mama wetu hawakatai kupimwa. Wakiitwa kwa heshima, mahali wasipoona haya, huja.

Pili, vitamutamu vipeleke neno nyumbani. Naomba kila kikombe kiwe na kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono na wanafunzi wenyewe, yenye maneno haya machache: Uvimbe wa titi au wa kwapa, hata usipouma, uonyeshe hospitalini upesi. Uvimbe mwingi si saratani, lakini asiyepimwa hawezi kujua. Saratani ikigunduliwa mapema, matumaini ya kupona ni makubwa. Nyuma ya kadi ziandikwe dalili nyingine: ngozi ya titi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuzama ndani, chuchu kutoa damu au maji yasiyo ya kawaida, kidonda kisichopona, na titi moja kubadilika umbo. Tena mwanafunzi asimpe mama kadi akaenda zake. Amsomee, na kama mama au bibi haelewi Kiswahili vizuri, amweleze kwa Kisubi, Kihangaza, Kisukuma au lugha yoyote ya nyumbani kwao. Neno la afya likisemwa kwa lugha ya mama huingia zaidi.

Sasa, tupike nini? Wengine wamekwisha anza kuota keki za madukani zenye rangi ya kopo. Hazifai. Gharama yake ni kubwa, na tena rangi nyingine ziuzwazo sokoni ni za kutia ukili na nguo, wala si za kuliwa. Sisi tuna vyetu. Mkoa wa Kagera una ndizi tele, na misitu ya Biharamulo ina nyuki. Tuchukue ndizi mbivu tuziponde, tuchanganye na maziwa mtindi na asali kidogo, kisha tutie maji ya bitiruti yaliyokunwa na kuchujwa. Mchanganyiko huo hugeuka rangi nzuri ya waridi, wala hauhitaji moto. Twaweza pia kupika wali wa maziwa wenye iliki, lakini maji ya bitiruti yatiwe baada ya chungu kuteremshwa, maana moto mwingi huiharibu rangi ikawa ya kahawia. Kwa sababu hiyo hiyo maandazi hayatufai, kwa kuwa mafuta ya moto yataipoteza rangi yote. Mapera mekundu ndani nayo yaweza kuchemshwa, yakachujwa mbegu, yakapikwa na sukari kidogo mpaka yakawa mazito.

Bitiruti huchukua miezi miwili hadi mitatu kukomaa. Basi zikipandwa katika bustani ya shule mwezi wa Julai, na kumwagiliwa vizuri kwa kuwa ni kiangazi, zitakuwa tayari mwezi wa Oktoba bila kununua hata moja. Walimu wa kilimo na wa upishi watapata somo zuri hapo. Ila yafaa watu waambiwe mapema kwamba baadhi ya wanaokula bitiruti huona mkojo wao umekuwa mwekundu siku ile, na si ugonjwa. Lingekuwa jambo la kuchekesha, tena la kusikitisha, ikiwa siku ya kuondoa hofu ingewaongezea watu hofu nyingine.

Vikombe viwe vidogo, na sukari iwe haba. Unene wa kupita kiasi, khasa kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, huongeza hatari ya saratani hii. Pombe nayo huiongeza, basi asitokee mtu wa kusema tuuze rubisi siku hiyo ili fedha zipatikane haraka. Tutakuwa tumejenga kwa mkono huu na kubomoa kwa mkono ule. Jambo moja lenye faida ambalo mama zetu hulifanya tangu zamani ni kunyonyesha watoto, maana kunyonyesha hupunguza hatari.

Tatu ni habari ya fedha. Tusiige desturi ya kutangaza ya kuwa tumechangia saratani, na hakuna ajuaye fedha zilikwenda wapi. Tuseme kikombe kimoja kimeuzwa shilingi 500, na gharama yake ni shilingi 300. Zilizobaki ni 200. Vikombe 200 vitaleta shilingi 40,000. Fedha hizo zisipelekwe mbali kwa watu tusiowajua. Zikae katika mkono wa mkuu wa shule pamoja na kamati ya wazazi, na kazi yake iwe moja tu: kumsaidia nauli mama wa hapa kwetu aliyeandikiwa na daktari kwenda hospitali ya mbele. Hesabu ibandikwe ukutani mahali pa kusomwa na wote, lakini jina la mgonjwa lisiandikwe. Wala tusisahau kwamba fedha zetu ni kidogo. Hatuwezi kununua mashine ya mionzi kwa ndizi na mtindi, lakini twaweza kumtoa mama mmoja mlangoni kwake.

Tena siku hiyo tumwalike muuguzi au daktari kutoka kituo cha afya, na atengewe chumba kimoja cha darasa chenye mapazia, ili mama mwenye shaka aingie aonane naye kwa siri. Bila chumba hicho tutakuwa tumewaambia watu waende, wala hatukuwaonyesha mlango. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha ya kwamba tangu mtu anapofika kwa mganga wa kwanza mpaka kugunduliwa kwa hakika pasipite siku 60. Basi mama atakayeonekana siku ya wazazi asirudi nyumbani kungoja mavuno. Apewe barua ya kumpeleka mbele, na tarehe.

Neno langu la mwisho ni kwa wavulana wenzangu, maana nimewasikia wakicheka katika mabweni, wakisema kwamba hayo ni mambo ya wasichana. Wanaume nao hupata saratani ya titi, ijapokuwa ni wachache, kama mgonjwa mmoja katika kila mia au pungufu. Lakini hata kama asingepata mwanamume hata mmoja, jambo hili lingekuwa letu. Katika nyumba nyingi mwanamume ndiye mwenye kauli juu ya fedha ya nauli, naye ndiye asemaye mke aende au asiende. Mvulana anayecheka leo ndiye atakayeulizwa kesho na mke wake, usiku, kwa sauti ndogo, juu ya uvimbe. Akiwa amejifunza, atajibu, "Twende kesho asubuhi." Asipojifunza, atasema, "Ngoja tuone." Kwa neno hilo la "ngoja tuone" watoto wengi wamebaki bila mama.

Haya basi, wanafunzi wenzangu, tuandae vitalu vya bitiruti na tuanze kuandika kadi. Walimu wetu, tunaomba mtuongoze ili tusiseme neno lisilo la kweli mbele ya watu. Na ninyi wazazi wetu wapenzi, mtakapokuja Oktoba na kupewa kikombe cha rangi ya waridi na mtoto wenu, tafadhali msikimbilie kijiko. Someni kadi kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu